Bunduki ya Bell

Askari aliye doria Mukuju, katika barabara ya Tororo na Mbale, huuona Mlima Elgon anga linapotakata. Kando ya mlima huo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilipita misafara ya Mskochi W.D.M. Bell ikitoka Mumias kwenda Karamoja kuwinda tembo. Aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby .275, bunduki nyepesi ya mtambo wa Mauser, yenye risasi ya milimita 7 tu. Wawindaji wenzake walibeba bunduki nzito mno. Bell alilipasua fuvu la tembo akajifunza ubongo ulipo. Tangu hapo shabaha ikawa ndiyo nguvu yake, na kwa tembo ikawa msiba.

Bunduki yake mojawapo ilinunuliwa na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, akamtunuku mtoto wa Harry Selby, mwindaji mashuhuri wa Kenya.

Je, bunduki ya aina hiyo ikikamatwa leo mpakani? Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 hudai hati, hata kama silaha ni urithi wa babu. Lakini kabla haijapelekwa kuteketezwa, twawaomba ndugu zetu wasome jina na namba zilizochorwa juu ya chuma chake, waziandike daftarini, kisha waulize jumba la makumbusho. Msasa usiiguse. Kutu ya juu itatoka kwa mafuta na kitambaa.