Sarafu za Roma: Sura ilisifu, fedha ikakanusha

Wengi wetu hupokea sarafu tukaitia mfukoni bila ya kuitazama. Kwa watawala wa Roma ya kale, kipande hicho kidogo kilikuwa mimbari. Kilifika sokoni, kambini na majumbani, mahali ambapo sauti ya mtawala haikufika.

Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), sura ya Julius Caesar ilipigwa katika sarafu za Roma angali hai, mwaka huo huo akauawa. Waliomfuata wakaushika mtindo huo. Upande mmoja ulibeba kichwa chao; upande wa pili, alama. Mwanamke mwenye mabawa alikuwa ushindi, na pembe iliyojaa matunda ilikuwa neema. Majeshi ya Roma yalipoiteka Baitul Maqdis mwaka 70, Vespasian alitoa sarafu yenye mtende, na chini yake mwanamke ameketi akiomboleza. Msiba wa taifa zima ukafanywa pambo la mfalme. Naye Commodus alijionyesha amevaa ngozi ya simba, mfano wa Hercules aliyeabudiwa na Warumi.

Lakini madini hayajui kusifu. Katika miaka ya 260, sarafu za Gallienus zilibaki na fedha kidogo mno, ilhali zilikuwa zikitangaza amani na neema.

Waislamu walipozifungua Sham na Misri katika karne ya 7, walizikuta sarafu za Roma ya Mashariki wakaendelea kuzitumia. Hata neno dinari, lililotajwa katika Surat Aal Imran, asili yake ni Kirumi. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan naye alianza kwa kutoa sarafu zenye umbo la khalifa aliyesimama na upanga. Kisha mwaka 77 Hijria (696-697) akaliacha umbo hilo. Dinari mpya ilibeba maandishi tu, yakiwemo maneno ya Tawhid na mwaka wake. Hata jina la khalifa halikuandikwa. Uzito wake ulikuwa gramu 4.25 za dhahabu.

Hapo ndipo penye mazingatio. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na sarafu iliyopunguzwa madini ni kipimo kilichopunjwa. Basi tuwafunze watoto wetu kuuliza, kila waonapo sura iliyopambwa: je, uzito wake ni kweli?