Kijana wa Fuma Asiachwe Njiani

Fuma ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga mbele ya pwani ya Somalia kusini mwa Kismayo. Huko bahari ndiyo shamba na ndiyo barabara. Mtoto afikapo umri wa miaka 13 au 14, nguvu zake huanza kuhesabiwa katika riziki ya nyumba, na hapo ndipo masomo ya wengi hukatika. Ni makosa kuwalaumu wazazi kwa ujinga. Sababu zake zaeleweka, na jambo lielewekalo hutengenezeka.

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na upevukapo, maji ya pwani hii hukauka sana katikati ya asubuhi, wakati ambapo mwalimu yumo darasani. Wasichana hushuka mwambani na mama zao, nao wavulana hutakiwa chomboni. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Mwanafunzi akosaye siku 3 kila bamvua amekosa siku 6 kwa mwezi. Hesabu ya jana ikimpita, ya leo haifahamu. Mwishowe huona haya kurudi.

Sababu ya pili ni umbali. Ni vigumu kisiwa kidogo kuwa na sekondari yake. Kijana hana budi kuvuka kwenda mjini, na kusi ikivuma bahari huchafuka, asiweze kurudi kwao hata kwa msiba. Msichana ndiye azuiwaye kwanza, kwa kuwa wazazi hawajui atalala wapi wala chini ya ulinzi wa nani.

Yapo pia ya historia. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa herufi za Kilatini, na mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari na walimu wao walipelekwa mashambani kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Ilikuwa kazi kubwa ya taifa. Lakini mtoto wa Kibajuni alianza kusoma kwa lugha isiyo ya mama yake. Kisha vita vya mwaka 1991 vikavunja masomo, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya.

Sheria husaidia. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 ilimpa kila raia haki ya elimu ya bure hadi sekondari. Kenya iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikaziondoa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Huko England, tangu mwaka 2015, kijana hutakiwa abaki katika masomo au mafunzo hadi atimize miaka 18, naye aweza kujifunza ufundi akiwa kazini. Hata hivyo, ada iondokapo, nauli, malazi na chakula hubaki palepale.

Kwa hiyo dawa ifuate ugonjwa. Siku za bamvua masomo yafanywe alasiri, na kusi, vyombo vifungwapo, uwe msimu wa masomo mengi. Mjini pawe na dahalia yenye mlezi mwanamke kwa wasichana. Na asiyependa vitabu apewe mafunzo ya mashine za boti, useremala wa vyombo na uhifadhi wa samaki, kama yatolewavyo mafunzo ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Mvuvi ajuaye kutengeneza mashine yake hamngoji fundi wa mjini.

Familia za askari nazo zina sehemu yao. Askari ahamishwapo kituo, barua ya uhamisho ya mtoto ishughulikiwe kabla mizigo haijafungwa, maana muhula mmoja wa kukaa nyumbani watosha kumpoteza kijana. Na mwenye nyumba karibu na sekondari ampokee mtoto wa ndugu aliye mbali, amtengee mahali pa kulala na taa ya kusomea, wala asimgeuze mtumishi wa nyumba.

Udongo uwahi ungali maji. Miaka 14 udongo bado ni mbichi.