Majina ya Mipangilio ya Programu za Tarakilishi na Usomekaji Wake

Msomaji wa Kiswahili amezoea neno moja kubeba sentensi nzima. Neno 'hatukuwaandikia' halina nafasi wala herufi kubwa katikati, lakini yeye hulichanganua papo hapo kwa kuwa anaujua mfuatano wa viambishi. Msomaji huyo huyo hutatizika afunguapo mwongozo wa programu ya tarakilishi na kukumbana na MaxKeepAliveRequests au max_execution_time. Hayo ni majina ya mipangilio ambayo msimamizi huyapa thamani ili programu itende kazi apendavyo. Programu huyasoma herufi kwa herufi. Hivyo hayatafsiriki hata pale ambapo menyu zote zimetafsiriwa.

Kuungana kwa maneno, hata hivyo, ndiyo kasoro ndogo. Herufi kubwa na vistari vya chini huonyesha mipaka. Kasoro kubwa ni jina linaloeleweka upesi, tena vibaya. Seva ya Apache ilikuwa na mpangilio ulioitwa MaxClients, yaani, kwa maana ya juujuu, idadi ya juu ya wateja. Kumbe kilichohesabiwa ni maombi yanayohudumiwa kwa wakati mmoja! Tuseme msimamizi mwenye wateja 200 aandike 200, katika seva ambayo kila ombi huhudumiwa na mchakato wake. Iwapo kila mchakato hutumia megabaiti 30 za kumbukumbu, michakato 200 itadai takriban gigabaiti 6. Mashine yenye gigabaiti 2 italemewa siku ya msongamano, na tovuti ikwame wakati hasa inapohitajika. Katika toleo la 2.4, lililotoka mwaka 2012, jina hilo lilibadilishwa kuwa MaxRequestWorkers. Jina la kale bado linakubalika, nao mwongozo hulitaja kando ya jipya, jambo la busara kwa anayerithi faili za zamani.

Majina ya ukanushi yana utata wa namna yake. Katika MySQL, skip_name_resolve huamuru seva isitafute majina ya mashine zinazojiunga nayo. Thamani yake ikiwa OFF, kukataza kumekatazwa, na majina hutafutwa. Mwongozo mwema huyataja matokeo yenyewe: "OFF: majina hutafutwa."

Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili ana kishawishi kingine, cha kulipachika jina viambishi: 'iMaxRequestWorkers', kwa mfano. Msomaji asiyejua mpaka atainakili herufi hiyo ya ziada, na seva itakataa kuwaka. Heri nomino ya Kiswahili itangulie, ibebe upatanisho wa kisarufi: 'mpangilio wa MaxRequestWorkers umebadilishwa'. Jina lenyewe lipigwe kwa chapa tofauti. Likizidi upana wa mstari, lisikatwe kwa kistari kifupi, kwani katika majina ya aina hii kistari huweza kuwa sehemu ya tahajia.