Siku ya bembea: Gawa hela kabla ya kutoka Jericho

Umepata kibarua, umelipwa mwezi wa kwanza, na jioni mkila ugali ukaropoka: "Shule zikifungwa, nawapeleka nyote Two Rivers." Hapo hapo kitinda mimba akachomoka mbio. Kufikia kesho yake jioni, kila mtoto anayecheza pale Camp Toyoyo alikuwa amepata habari. Ahadi hiyo si maneno tena, ni deni.

Hujakosea kuahidi. Wengi waliolelewa Eastlands walizijua bembea za umeme kwenye shoo ya kilimo pale Jamhuri Park, mara moja kwa mwaka, mfukoni wakiwa na pesa ya kupanda moja na macho ya kupanda zote. Two Rivers ilipofunguliwa 2017 kando ya Limuru Road, ilisogeza gurudumu kubwa na rola-kosta karibu na Nairobi. Lakini "karibu" ya mtu wa Ruaka si "karibu" ya mtu wa Jericho. Kwako ni matatu ya Jogoo Road hadi tao, kisha nyingine ya kupanda Limuru Road.

Basi anza na hesabu ya nauli. Mko watano: mathe, mzee, wewe na wadogo zako wawili. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi. Hizo ni nauli 20! Tuseme kila moja ni Sh80. Tayari umetumia Sh1,600 na hamjaona lango. Na unajua vile makanga hufanya mvua ikinyesha au jioni watu wakijaa steji: nauli inapanda bila kukuuliza. Kwa hivyo tenga akiba, na uiweke mbali na pesa ya kujibamba.

Mvua pia ina hesabu yake. Likizo ya Aprili huangukia masika, na ile ya Novemba huja na vuli. Radi ikianza au upepo ukizidi, bembea za juu husimamishwa, na mtoto hataelewa kwa nini. Agosti kuna baridi lakini mvua ni chache. Beba sweta na twende kazi.

Kisha piga simu huko mnakoenda, wiki hiyo hiyo. Usitegemee bei aliyokutajia binamu yako aliyeenda mwaka juzi. Uliza maswali manne: Je, mnalipa langoni au kwa kila bembea? Bembea zipi zinafanya kazi siku hiyo? Mnaruhusiwa kuingia na chakula? Na mtoto anatakiwa awe na urefu gani?

Hilo la mwisho usilipuuze. Bembea za kasi zina kipimo cha urefu, na mhudumu hatajali mtoto wako ana machozi kiasi gani. Ule mkanda wa kumshikilia umetengenezewa mwili wa ukubwa fulani. Chukua futi ya fundi wa nguo, msimamishe mdogo wako mlangoni na umpime. Kama hatoshi, aambiwe leo, nyumbani, huku mkichagua ya kimo chake. Kukataliwa mbele ya foleni nzima ni aibu ambayo mtoto hukumbuka kuliko bembea yenyewe. Vilevile, mzee mwenye presha au shida ya moyo, au mama mjamzito, asipande zile za kurusharusha watu.

Sasa tufike penye mzizi. Tuseme una Sh8,000. Toa nauli Sh1,600, akiba Sh1,000, na Sh1,400 ya chakula, yaani chapo na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani wakikubali, au chipsi mkifika wakikataa. Zinabaki Sh4,000. Ukigawia watu watano, kila mtu ana Sh800. Ikiwa bembea moja ni Sh400, kila mtu ana mbili. Mbili tu. Afadhali ijulikane hivyo mkiwa bado sebuleni.

Kila mtu achague zake mbili kabla ya siku yenyewe. Andikeni kwenye karatasi. Ukifanya hivi, hutakuwa polisi wa kukatazana huko, na hakuna atakayemaliza hela zote saa tano asubuhi kisha mshinde mkitazamana hadi saa tisa.

Lakini nakuonya: kuna mtu mmoja atakayekataa fungu lake. Mathe atasema, "Mimi nitawashikia mikoba. Zangu mpatie huyu mdogo." Atasema kwa upole, na utaona amekurahisishia mambo. Usikubali haraka. Huyo ndiye aliyekushikia mikoba maisha yako yote. Siku za karo alisema ameshiba, siku za Krismasi akasema nguo alizonazo zinamtosha. Ukimwacha kwenye benchi na siku hii uliyoilipia wewe, utakuwa umebadilisha mahali tu. Mambo ni yale yale.

Akikuambia bembea ni za watoto, mweleze hivi: gurudumu la kwanza maarufu la aina hiyo lilijengwa na George Ferris kwa maonyesho ya Chicago mwaka wa 1893. Lilikuwa na kimo cha karibu mita 80, na watu wazima walilipa senti 50 kila mmoja ili walipande. Tena ndilo linalomfaa zaidi: linazunguka polepole, mtu ameketi, hakuna kupindua tumbo. Akiogopa, panda naye. Akikataa kabisa, fungu lake liwe lake: anunue aiskrimu, au arudi nalo nyumbani. Muhimu ni kwamba aliulizwa.

Mambo madogo ya asubuhi: tia karatasi yenye nambari yako ya simu kwenye mfuko wa kila mtoto, na umpige picha na nguo alizovaa. Mkifika, kubalianeni mahali pa kukutania mtu akipotea. Chaji simu, maana M-Pesa haitoki kwa simu iliyozima. Na saa kumi kamili muwe mkielekea steji, kabla tao haijafurika.

Usiku huo mdogo wako atasimulia mtaa mzima vile alipiga kelele kule juu. Wewe sikiliza jikoni. Ukisikia mathe akimwambia jirani, "Kumbe ukiwa kule juu watu wanaonekana wadogo hivyo!", jua deni umelilipa.