Ushahidi wa Vigae: Maisha ya Kila Siku katika Mji wa Kale wa Kilwa

Mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa atajiwapo miji ya kale, huenda mawazo yake yakaelekea Roma au Misri. Hata hivyo, pwani iliyo kaskazini-mashariki ya wilaya hizo yamo magofu ya Kilwa Kisiwani, mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Baadhi ya vitu vilivyofukuliwa huko huonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Je, wataalamu wanajuaje watu wa mji huo walivyoishi?

Katika mji wa Kirumi wa Pompeii, kazi hiyo ilirahisishwa na maafa. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka, na majivu yakaufunika mji hata mikate ikabakia ndani ya tanuri. Kilwa haikufunikwa kwa siku moja. Watu walikaa pale kwa karne nyingi, na kila kizazi kiliacha taka zake juu ya zile za waliotangulia. Hivyo ardhi ikajipanga kwa matabaka. Tabaka la chini, ikiwa halikuvurugwa, ni la zamani kuliko la juu yake.

Neville Chittick, aliyeanza kufukua Kilwa mwaka 1958, aliyasoma matabaka hayo moja baada ya jingine. Mifupa ya samaki na makombe ya pwani huonyesha chakula cha wenyeji. Vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati huonyesha kwamba watu walisokota uzi wa pamba. Sarafu za shaba zina majina ya masultani, lakini hazina mwaka. Hapo ndipo bakuli la China linaposaidia. Umri wa vyombo hivyo hukadiriwa kwa namna vilivyotengenezwa na kupambwa. Basi sarafu iliyolala pamoja navyo katika tabaka moja nayo hupata umri wake wa kukadiria.

Mtazamaji hana budi kujihadhari. Bakuli linalong'aa huvuta macho, lakini vigae vilivyo vingi zaidi Kilwa ni vya vyungu vya kienyeji vilivyofinyangwa kwa mkono. Vivyo hivyo, kuta za mawe ya matumbawe zingali zimesimama, ilhali nyumba za miti na udongo zimeoza. Anayehesabu kuta peke yake atawasahau watu wengi waliouendesha mji.

Kutokana na hayo yafaa ieleweke kwamba thamani ya kitu cha kale haimo katika kitu chenyewe tu, bali pia katika mahali kilipolala. Sarafu ikishaokotwa na kuuzwa, haiwezi tena kutoa ushahidi juu ya tabaka lake. Hata mwanafunzi mwema anayeipeleka shuleni bila kukumbuka alipoikuta amepoteza nusu ya habari. Ndiyo maana Tanzania ina sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tangu mwaka 1964. Bahari nayo huharibu: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotangazwa urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014.

Jembe likiibua kigae cha ajabu shambani, kiachwe pale pale, mahali pawekwe alama, na uongozi wa kijiji uarifiwe.

Mwalimu anaweza kulifundisha somo hili bila gharama. Shimo la taka la shule lililokwisha kujaa likatwe upande mmoja kwa uangalifu. Wanafunzi waandike kila kitu na kina chake, kisha waeleze ni kipi kilitangulia na kwa sababu gani. Baada ya hapo, mmoja akichomoe kitu kimoja na kukichanganya na vingine. Wenzake wakishindwa kusema kilitoka tabaka gani, somo litakuwa limeeleweka.