Walikufwa na nini? Kuuliza vifo ambavyo hakuna aliyeviandika



Mama yangu alizaa watoto nane kule Burungu. Sisi wazima tuko watano. Siku moja nikamuuliza: mama, wale watatu walikufwa na nini? Akajibu: «Mukubwa ni homa. Wa pili banasemaka karuho. Wa tatu ni vita.» Nikafikiri wa tatu alipigwa risasi. Hapana. Walikuwa wamekimbilia mu pori, mutoto akaharisha siku tatu, muganga hayuko, dawa hakuna. Hata karatasi moja haisemi kama alizaliwa ao alikufwa.

Mimi nilifanya lisansi ya agronomi, si ya udaktari. Lakini jibu la mama ndilo shida ambayo watafiti wa vifo wanafundishwa kuishughulikia.

Kongo haijahesabu watu wake wote tangu 1984. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 2000, shirika International Rescue Committee lilituma watu kuuliza nyumba kwa nyumba, mu vijiji vilivyochaguliwa: tangu wakati fulani, nani amekufwa humu? Ripoti yao ya 2008 ilikadiria kwamba, kutoka Agosti 1998 mpaka Aprili 2007, vifo milioni 5.4 vilizidi vile vya kawaida. Mu uchunguzi wa mwisho, vifo vya risasi na panga havikufika hata 1 kati ya 100. Wengi waliondoka na malaria, kuhara, ugonjwa wa mapafu na njaa. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa 19 kati ya watu 100, lakini vifo vyao vilikuwa 47 kati ya vifo 100.

Mu 2010, watafiti wa Human Security Report Project, kule Canada, walipinga hesabu hiyo. Hapa agronomi inasaidia kuelewa. Huwezi kusema mbolea imeongeza maharagi kama hauna kipande cha kulinganisha, kile hakikutiwa mbolea. Na vita ni vile vile: wangapi wangekufwa hata bila vita? IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini ya Sahara: kifo 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi. Wapinzani wakasema: Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata mbele ya vita. Ukipandisha kipimo hicho, vifo vya vita vinapunguka sana.

Angalieni vizuri neno «kawaida» pale. Mutoto wa tatu wa mama ataingia mu hesabu ya vita. Wa kwanza, mwenye homa, atabaki kawaida. Lakini mu mji, mutoto mwenye homa ile ile anaweza kupata dawa siku hiyo na kupona. Kifo ambacho kingezuilika si kawaida, hata kama kilizoeleka miaka mingi. Ju ya hiyo tunahitaji watafiti wanaojua historia ya mahali, si kujumlisha tu.

Wanajifunza nini?

Kwanza, kuuliza dalili, si jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liko na fomu ya maswali hayo. Homa ilidumu siku ngapi? Alipumua mbio? Miguu ilivimba? Alikohoa kwa muda gani? Ukisikia «karuho», usicheke, na usiandike karuho peke yake. Uliza mwili ulikuwa namna gani. Pengine ni kifua kikuu.

Pili, kutafuta tarehe bila karatasi. Mama hajui mwaka, lakini anajua kama ilikuwa mbele ya vita ya 1993, wakati wakimbizi wa Rwanda waliingia mu 1994, ao baada ya volkano ya 2002.

Tatu, kusoma rejista kwa mashaka. Rejista ya kituo cha afya inaonyesha wale waliofika. Kijiji kisichoonekana mule pengine hakikuwa na barabara ao pesa, si kwamba watu hawakufwa.

Ine, heshima. Omba ruhusa, kaa chini, usiahidi msaada. Mutu akifikiri hesabu inaleta chakula, jibu linabadilika. Na mama akilia, funga kaye kwanza.

Nilirudia kwa mama na maswali hayo. Yule wa pili alikohoa miezi mingi na kukonda, na babu aliyelala naye nyumba moja alikohoa vile vile. Mama akanyamaza kidogo, akasema: «Basi hakuna mutu alimuloga.» Siwezi kuapa ilikuwa kifua kikuu. Lakini kuna jirani mumoja ambaye mama hakumusalimia miaka yote hii.

Wewe uko na kaye na kalamu. Nyumbani kwenu, ni nani hajaandikwa?