CHOMBO CHA KUSIKILIA KISICHOTENGENEZWA TENA: JE, TUKINUNUE?

Mtu akipungukiwa na macho, wenzake wanamhurumia na kumshika mkono. Akipungukiwa na masikio, wanamwona mkaidi. Anaitwa mara tatu, haitiki. Katika mazungumzo anajibu neno asiloulizwa, na vijana wanacheka. Baada ya siku nyingi anachoka, anaacha kwenda penye watu, anakaa peke yake nyuma ya nyumba. Hii ndiyo hasara kubwa ya uziwi: unamtenga mtu na watu wake. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2021 kwamba watu karibu bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia. Basi, jambo hili si la nyumba moja tu.

Ndugu msomaji, leo wengi wetu tuna mtoto ao ndugu anayekaa Marekani. Siku moja anaona huko chombo cha kusikilia cha bei ndogo, naye anauliza: “Nimnunulie baba?” Bei imeshuka kwa sababu kampuni iliyokitengeneza imeacha kazi hiyo. Chombo ni kipya, kimo katika sanduku lake, lakini hakitafuatwa na kingine. Je, kukinunua ni akili, ao ni kutupa feza? Tuangalie jambo hili polepole.

1. CHOMBO HIKI KINAFANYA NINI?

Ndani ya chombo kuna sehemu inayopokea sauti, sehemu inayoikuza, sehemu inayoitia sikioni, na pile ndogo inayoleta nguvu. Chombo hakiponyi sikio, kama vile miwani haiponyi jicho. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa kwa uzee, kwa kelele nyingi, kwa ugonjwa kama meningite, ao kwa dawa kali kama streptomycine, haviwezi kuota tena. Chombo kinasaidia vile vilivyobaki. Kwa hiyo mtu asitazamie kusikia kama kijana siku ya kwanza. Masikio na akili vinahitaji wiki kadhaa kuzoea.

2. VYOMBO HIVI VILITOKA WAPI?

Zamani Marekani chombo cha kusikilia kiliuzwa hasa na wataalamu wa masikio, na jozi moja mara nyingi iligharimu dola elfu kadhaa. Mwaka 2017 sheria iliagiza kwamba vyombo vya namna nyingine viruhusiwe. Mwezi wa Agosti 2022 idara ya serikali inayosimamia dawa, iitwayo FDA, ilitoa kanuni zake, na tangu tarehe 17 Oktoba 2022 vinauzwa dukani bila barua ya mganga. Lakini ni kwa watu wa miaka 18 na zaidi tu, ambao upungufu wao ni mdogo ao wa katikati.

Hata kabla ya kanuni hizo, mwaka 2018, FDA iliruhusu chombo cha kampuni ya Bose ambacho mvaaji anakipatanisha na masikio yake mwenyewe kwa telefone. Kiliitwa SoundControl, nacho kilianza kuuzwa mwezi wa Mei 2021 kwa dola 849.95 jozi. Mwaka 2022 Bose iliacha kazi hiyo, na ufundi wake ukaingia katika vyombo vya kampuni nyingine, Lexie. Angalia: kampuni yenye sifa duniani kote kwa mambo ya sauti iliacha baada ya muda wa mwaka mmoja hivi. Basi, jina kubwa juu ya sanduku si dhamana ya kwamba mwenye kutengeneza atakuwapo kesho.

3. KWANZA SIKIO, HALAFU CHOMBO

Usihesabu feza kabla ya sikio kutazamwa. Wako watu waliodhani wamekuwa viziwi, kumbe sikio limejaa nta, na muuguzi akiisafisha wanasikia siku ileile. Usichokonoe sikio kwa kijiti wala kwa msumari. Nenda hospitali.

Tena, usimnunulie mtu chombo, bali mpeleke kwa mganga wa hospitali, ukiona dalili moja katika hizi:

a) Usaha, maji ao damu inatoka sikioni.
b) Sikio linauma, ao kuna kitu kimeingia ndani.
c) Kusikia kumepotea ghafula. Hili ni jambo la haraka; usingoje wiki ipite.
d) Sikio moja linasikia vibaya kuliko lingine, ao mlio unasikika upande mmoja tu.
e) Kuna kizunguzungu kikali.
f) Mgonjwa ni mtoto. Vyombo hivi vya dukani si vya watoto kamwe.

Chombo kikivaliwa juu ya ugonjwa kitaficha dalili, na ugonjwa utaendelea.

Upimaji mdogo unaweza kufanyika nyumbani. Simama nyuma ya mzee, kwa urefu wa mkono, yeye azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona hesabu tatu, naye azirudie. Fanya vilevile kwa sikio la pili. Akishindwa kunong'onezwa lakini anasikia maneno ya kawaida katika chumba kimya, labda upungufu wake ni wa kadiri ambayo chombo cha dukani kinaweza kusaidia. Ikiwa hasikii hata maneno ya kawaida chumbani, ao hasikii kamio ikipita barabarani, chombo hicho hakitamtosha, hata kiwe cha bei ndogo namna gani.

4. MASWALI MANNE JUU YA CHOMBO CHENYEWE

Swali la kwanza: Kinatumia pile ya namna gani?
Jibu: Hili ndilo swali kubwa. Vyombo vingine vinatumia pile ndogo za duara zinazotolewa na kutiwa nyingine. Pile hizi zina namba na rangi moja kwa kampuni zote: namba 10 ni ya manjano, 312 ni ya kahawia, 13 ni ya rangi ya chungwa, 675 ni ya bluu. SoundControl ilitumia namba 312. Chombo cha namna hii kinaweza kuishi hata kampuni yake ikiacha kazi, kwa sababu pile zake zinatengenezwa na wengine wengi. Vyombo vingine vina pile ya kuchajiwa iliyofungwa ndani. Pile hiyo inachoka baada ya miaka michache, na sanduku lake la kuchajia ni la chombo hicho peke yake. Likipotea ao likiharibika, utapata wapi lingine? Chombo cha namna hii kisichotengenezwa tena kimekwisha kuhesabiwa siku zake.

Swali la pili: Kinahitaji telefone?
Jibu: Ikiwa sauti inapatanishwa kwa programu ya telefone, uliza kama programu hiyo ingali inapatikana leo, na kama inafanya kazi katika telefone uliyo nayo. Kampuni ikiiondoa, chombo kinaweza kubaki vile kilivyopatanishwa mwisho, na masikio ya mzee yanaendelea kubadilika. Chombo chenye kifungo cha kuongeza na kupunguza sauti juu yake chenyewe ni salama zaidi.

Swali la tatu: Vipande vyake vidogo vinapatikana?
Jibu: Kwenye ncha kuna kofia laini ya mpira, na kichujio kinachozuia nta. Vyote viwili vinachakaa na kuziba. Chombo kizuri kilichozibwa na nta hakina sauti. Kama chombo hakitengenezwi tena, vipande vya miaka kadhaa vinunuliwe siku ileile.

Swali la nne: Kinaweza kurudishwa?
Jibu: Kanuni za Marekani zinadai kwamba sanduku lionyeshe masharti ya kurudisha, lakini hazimlazimishi mwuzaji kukubali kurudishiwa. Soma maandiko kwanza. Kama chombo kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine, sanduku linapaswa kusema hivyo. Mwuzaji anayekataa kukirudisha, na kampuni haiko tena katika kazi hiyo: hapo hasara yote ni yako.

5. HESABU YA FEZA

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kwa SoundControl ilihesabiwa kwamba pile moja inadumu saa 56 hivi, ndiyo siku nne za saa 14. Masikio ni mawili. Kwa mwaka mzima ni pile 180 hivi. Je, namba 312 inauzwa mjini kwako? Kama haiuzwi, nani atazituma, na mara ngapi? Pile hizi zinaamka zinapobanduliwa karatasi yake na kuguswa na hewa. Hapo hazilali tena, hata ukirudisha karatasi. Tazama pia tarehe iliyoandikwa juu ya pakiti, maana mwuzaji wa chombo cha zamani anaweza kukupa pile za zamani. Nazo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali saa ileile.

Basi, shauri letu ni hili. Kama sikio limetazamwa na halina ugonjwa, upungufu si mkubwa, chombo kinatumia pile za kawaida, programu ingali inafanya kazi, vipande vinapatikana, na bei ni ndogo sana kuliko ya chombo kinachotengenezwa leo, kinaweza kununuliwa. Mhesabie miaka miwili ao mitatu ya kazi, usihesabu kumi. Lakini ikiwa jibu moja la maneno hayo ni “hapana”, iache bei hiyo ipite. Afadhali kungoja na kununua chombo ambacho mwenye kukitengeneza yupo bado. Chombo kilichonyamaza ndani ya sanduku kinamvunja mzee moyo, naye atakataa hata kile kizuri kitakachokuja nyuma.

6. MSAADA USIO NA BEI

Chombo kije ao kisije, nyumba yote inaweza kumsaidia leo. Kaa mbele yake, penye mwanga, aone midomo yako. Taja jina lake kwanza, halafu neno lako. Sema polepole, bila kupiga kelele, maana kelele inaharibu maneno. Zima redio. Watu wasiseme wawili pamoja. Asiposikia, usimwambie “Haizuru, acha tu.” Sema tena kwa maneno mengine. Mtu anayeambiwa “acha tu” kila siku, mwishowe anaacha kweli, naye anarudi kukaa nyuma ya nyumba.